Upande wa Nyuma

Dola saba mlangoni, na muhuri wa wino mkononi
kama ng'ombe wa mnada.
Ukumbi ni wa kanisa la Wafaransa wa zamani, hapa Lowell,
ng'ambo ya mfereji. Nje theluji ya Machi
imekuwa uji wa rangi ya jivu.
Ndani mifarishi imening'inia safu kwa safu,
nami, fundi cherehani wa Barabara ya Kumi na Tano, Tanga,
miaka kumi na moja sijashika sindano
ila kurudishia vifungo vya wazee ninaowafulia nguo,
nimesimama na koti langu, sijui nianzie wapi.

Mfarishi. Neno lenyewe nilikuwa nimelisahau.
Mama alikuwa nao mmoja, pamba zake zimehamia pembeni
kama wageni wasiojuana harusini.
Hapa pamba haitembei. Wameifunga kwa mkono,
mishono kumi kwa inchi.
Nilihesabu, nikarudia kuhesabu,
nikazionea aibu zile kaptula za shule
nilizozipiga mshono mmoja mrefu kila Januari,
pesa mbele.

USIGUSE, kila baada ya hatua tatu.
Mkono nikautia mfukoni, ukae na funguo.

Uliopata utepe wa buluu ni waridi tupu,
kila waridi na kivuli chake. Nikauvulia kofia, nikaupita.
Kwenye kona, karibu na mtungi wa kuzimia moto,
umetundikwa mmoja usio na utepe. Mifuko.
Mifuko ya mashati ya kazi, arobaini na miwili,
mmoja una doa la kalamu iliyovuja,
mmoja ulitoboka, ukatiwa kiraka
kabla wenyewe haujawa kiraka.
Kikaratasi: Claudette Thibodeau. Mashati ya Armand.
Basi.

Bibi mwenye glavu nyeupe akanijia:
"Ungependa kuona nyuma?"

Nani amewahi kuniuliza hivyo?
Nyuma hutazamwa na fundi; mteja hutazama kioo.
Akainua pembe kwa vidole viwili,
kama anayemfunua mtoto aliyelala.
Nyuma, kitambaa kitupu, kizito, rangi ya maziwa ya moto,
kile ambacho dukani kwa Jivraj tulikiita marekani
na sikuwahi kujiuliza kwa nini.
Nikacheka peke yangu.
Nchi nzima hii niliyoipandia ndege,
baba aliipima kwa wari, akaikata kwa mkasi,
akatushonea mashuka.

"Ni wako?"
"Wangu. Hapo safu ya tatu uzi umekaza. Nilikuwa na hasira."
"Na nani?"
"Na yeye. Alikufa na funguo za gari mfukoni.
Tulizitafuta wiki nzima."
Funguo zangu nikazishika zisilie.

Nikanunua tiketi ya bahati nasibu, sikushinda.
Nikala keki ya limau, kavu.
Nyuma ya risiti penseli ikaanza kutembea yenyewe:
kule kazini, chini ya meza ya kupigia pasi,
kuna mifuko ya nguo ambazo hakuna aliyezifuata,
na kila kola ina lebo niliyoishona mimi.
R. Gagnon, chumba 12. Eleni Karras. Sokha Prum,
aliyekuwa akinirudishia soksi zisizo zake.
Leso ina pindo, ina mji, ina jina.
Hii yote niliyoiona leo ina pindo, ina mji.
Jina ninalo mimi, limejaa mifuko minne.

Kwanza niombe ruhusa. Niandike barua, familia kwa familia.
Ninunue marekani, wari sita.
Nipate tondoo; kidole kimekuwa laini kama cha karani.

Kwenye basi nikavua koti, nikaligeuza ndani nje,
nikafuata mshono wa bega kwa ukucha, taratibu,
mpaka kijana aliyekaa nami
akahamia kiti kingine.