Ladha ya Tufaha

Daktari Rannveig alinichora mkono kwa kalamu ya wino,
namba moja hadi kumi na mbili, kama vitalu vya shamba,
akadondosha tone kwenye kila namba
na kulidunga kwa ncha ya sindano, bila damu.
Namba saba haikuwa na chupa.
Alilichoma tufaha bichi, kisha akanichoma mimi.
"Dakika kumi na tano," akasema. "Usijikune."
Nje, Bergen ilikuwa ikinyeshewa, kama kawaida yake.

Namba tatu iliumuka kwanza: mbetula,
ule mti wa gome jeupe unaotuzunguka kule Ulvik
kuanzia ukingo wa maji mpaka mawe yanapoanza.
Hilo nililijua. Kila Mei hulala na kitambaa chenye maji machoni,
na magari ya kijiji kizima hugeuka manjano.
Lakini namba saba nayo ikavimba,
duara jekundu, kilele cheupe,
nami nikaifunika kwa mkono wa koti
kama mtu aliyekutwa na deni.
Kizazi cha nne cha wakulima wa matufaha, Baba,
na ngozi yangu imenishtaki.

"Ngozi haina ugomvi na tufaha," Rannveig akasema.
"Inalifananisha."
Ndani ya chembe ya chavua mna protini
iliyojikunja kama kiganja kilichoficha kitu.
Ndani ya nyama ya tufaha mna nyingine,
imejikunja vilevile, au karibu vilevile.
Mimea ilirithishana umbo hilo
kabla hapajawa na mdomo wa kuuma tunda.
Huliita zamu inapojeruhiwa,
ukungu unapobisha, mdudu anapotoboa.
Mlinzi, basi. Mlinzi wao na mlinzi wangu
wanakutana kwenye ulimi, na hakuna anayemsalimu mwenzake.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Damu yangu iliumwa Mei;
Septemba inaruka kwa kila kinachojikunja.

Nikauliza, ukoo huu una mwisho?
Akacheka. Hazeli wamo. Karoti, figili, pichi.
Na ziko koo nyingine, ambazo si zangu:
kuna moja kwenye ganda la pichi
isiyojali jiko wala asidi ya tumbo,
hiyo ndiyo ya kuogopwa.
"Hawa wako," akasema, "ni waoga wa moto.
Wapashe, watakunjuka, hutawajua tena."

Kwenye basi nilikumbuka ngazi.
Gravenstein la kwanza, kisu chako, vipande,
na sheria ya nyumba: hakuna anayechuma kabla hajauma.
Nilikiweka changu shavuni, nikatema nyuma ya makreti,
na Ami Torkjell akaniona, akasema
mtoto huyu anajidai.

Nilikukuta bandani unapanga kwa ukubwa.
Nikakueleza yote, mlinzi, kiganja, moto.
Hukuinua macho. Matufaha manne yakapita mikononi mwako,
la tano likabaki.

"Kwani nyinyi wengine," ukauliza,
"hayawawashi?"

Kaakaa, ukasema. Na masikio, kwa ndani kabisa.
Miaka hamsini na moja, kila mavuno.
"Nilidhani ndiyo ladha yake."

Jioni uliyatia manne kwenye oveni, siagi na mdalasini,
mpaka maganda yakapasuka.
Nilikula langu lote na kongoro lake,
mdomo wangu kimya kama nyumba ya jirani aliyesafiri.
Wewe ulitafuna polepole, ukitafuta.
"Tamu," ukasema, kwa mashaka.
"Lakini kuna kitu kimepungua."

Na asubuhi, kabla ya wachumaji kufika,
nilikusikia kutoka dirishani, juu ya ngazi, gizani:
meno yakivunja ganda bichi,
kisha ulimi ukijikuna kaakaa,
tok, tok,
kama mtu anayebisha kwake mwenyewe.