Jina la Mzigo

Mama yangu, Peres Akumu, alipanga barua
miaka kumi na tisa, posta ya Kisumu,
gundi ya stempu ikimganda ulimini
hata kwenye chai.

Ndiye aliyeniambia, akikung'uta gunia:
neno hili, meli, si la chuma wala moshi.
Kwa Wazungu wa kale lilikuwa mfuko tu,
mkoba wa ngozi mgongoni mwa farasi.
Barua zikarithi jina la mfuko,
zikapanda chombo,
na watu wa gatini, kule pwani,
wakauliza, "Kinakuja nini?"
Wakajibiwa kwa jina la mzigo.
Wakakivika chombo chenyewe.

Nikacheka. Na barua je?
"Hizo zilishapata jina, toka kwa Waarabu."

Leo gatini kwetu kutu imekula namba za winchi,
magugu maji yameziba njia ya Mwanza.
Gunia lake nimelikuta stoo, limejaa maharagwe.
Nimeyamwaga, nikaliinua kwenye mwanga:
chini kabisa, ndani ya mshono,
stempu moja, haijapigwa muhuri.

Nimeiacha hapo hapo.
Nimelikunja gunia, nikalikalia
kama abiria.