Aliye Juu

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka,
hawakusema ashukaje.
Mimi nilishuka kwa mgongo,
mwezi wa Machi, yadi ya Shimanzi, nyuma ya godauni la ngano,
na kopo la gundi mkononi sikuliachia.

Lilikuwa gari-nyumba kama hili,
lori kuukuu lililotiwa kitanda, jiko na sinki
kwa watu wenye hamu ya kulala Tsavo bila kulipa hoteli.
Nyuma lilikuwa na ngazi yake, imefungwa kwa skrubu nne,
inang'aa kama sufuria ya bi harusi.
Sikuitikisa kwanza.
Nani huitikisa ngazi inayong'aa?
Munyu ulishakula skrubu tatu kwa ndani,
na ya nne ilinipa vidato sita vya heshima,
kisha ikachoka.

Miezi mitatu nilihesabu misumari ya dari.
Goti likajifunza kutabiri mvua.

Leo ni gari la Bi Zamzam, linavuja juu ya mto wa kulalia.
Amepanda Mishi, binti wa dada yangu,
miaka kumi na tisa, maneno mengi kuliko bisibisi zake.
Nilimwambia: ile ya nyuma iache, ni pambo.
Tumeazima ya alumini kwa Mwaringa mchora mabango,
na kwa kila futi nne za kwenda juu
miguu yake tumeivuta futi moja nje,
maana ngazi iliyosimama wima mno hukusukuma kama mwenye nyumba,
na iliyolala mno huteleza kama ahadi.
Mchanga wa hapa hauaminiki; tumelaza ubao wa mvule.
Juu imepita ukingo vidato vitatu,
tukaifunga kwa kamba ya katani.

"Malapa vua."
Akavua.
"Raba vaa."
Akanuna, akavaa.
"Mkono, mkono, mguu. Vitatu vishike, kimoja ndicho kitembee."
"Na ndoo?"
"Ndoo ina kamba yake. Itakufuata kama mbuzi."

Usiku ilinyesha. Nikamfanya angoje paa likauke,
akala mabuyu, akatema mbegu kwa hasira,
midomo myekundu.
Lakini si kungoja sana: ikifika saa sita
bati lile hukaanga samaki.

Sasa simuoni. Nasikia magoti tu,
yanatambaa penye mbavu za gari,
yanalikwepa lile dirisha la plastiki
ambalo jua limeligeuza kaukau.
Anakwangua gundi ya zamani,
magamba yake yananidondokea kichwani kama ukoko.

Watu huisema methali ile kwa kijicho:
aliye juu mngoje chini.
Wakiisema, wamekunja mikono,
wanasubiri kishindo.
Hata mimi, kule kitandani, niliwatenga moyoni
waliokuja kunipa pole na waliokuja kutazama.
Leo naisoma upya, viganja kwenye vyuma viwili,
goti bovu limeegemea kidato cha pili.
Mngoje. Usiende kununua chai.
Simu iache ilie.
Apite mwenye sinia la mahamri, apite.
Mngoje chini, umeshika.

"Mjomba! Naziona kreni zote za Kilindini!"
"Tazama gundi."
"Kunguru amejenga kwenye feni!"
"Tazama gundi, Mishi."
"Umeshika?"
"Nimeshika."

Baada ya muda anauliza tena, si kwa hofu,
ni kama mtu agusaye mfuko kuona funguo zipo.

Kushuka ndiko kugumu.
Mguu unapapasa hewani, unatafuta usichokiona,
nami ndiye macho yake: kushoto kidogo, chini, hapo.
Vilipobaki vidato viwili akaruka.
Nikafungua kinywa nimtukane,
yeye keshazunguka, keshashika ngazi kwa mikono miwili,
ovaroli imejaa gundi.

"Paa halijakaguliwa," akasema,
"na mkaguzi ni wewe. Panda. Nakungoja."

Sijapanda kitu tangu Machi ile.
Nikavua malapa.
Nikaitikisa kwanza.