Dakika Tatu za Vardø

Kazi niliyopewa ni kuhesabu sauti.
Si maneno: urefu wake. Nahodha hushika kitufe
sekunde ngapi, hukiachia ngapi,
na ni mara ngapi wawili hubonyeza pamoja
wakasikika kama mtu mmoja mwenye maji kooni.

Nje, Vardø haijaona jua tangu Novemba.
Ndani, kompyuta inaendesha meli za kubuni,
mia nne, kila moja na redio yake,
zinaita kwa bahati nasibu niliyoitungia kanuni.
Wakubwa wanauliza: mashua inayozama
itangoja muda gani ipate upenyo wa kusema?
Jibu langu la kwanza: sekunde kumi na moja.
Nikajipongeza kwa kahawa.

Ila rekodi za zamani zilikuwa na matundu.
Kila saa kamili, na kila nusu saa,
dakika tatu, hakuna kitu. Hakuna bei ya chewa,
hakuna salamu kwa mke aliye Båtsfjord.
Grafu yangu kitana kilichong'oka meno.
Nikaziba kwa wastani. Ndivyo tulivyofundishwa.

Bjørghild huja Jumanne kunisomea mwandiko,
maana daftari zile ziliandikwa kwa haraka na kwa baridi.
Alimaliza mkate wake, akafuta vidole,
akaweka kimoja kwenye skrini. "Hapa umeziba nini?"
"Data iliyokosekana."
"Haikukosekana. Tulinyamaza."

Akaelekeza kidevu kwenye saa ya ukutani,
ile niliyodhani ni pambo,
yenye vipande viwili vya kijani usoni.
Mshale ukiingia kijani, pwani nzima hufumba mdomo
ili mwenye betri inayokata roho asikike.

Nikarudi jalalani, kwenye nilivyovitupa kama kelele.
Machi, mwaka wa themanini na tatu,
saa tisa usiku na dakika mbili:
sekunde nane. *Havsula*. Tunaingia maji. Kisha mkwaruzo.
Mwandiko mbaya kuliko yote daftarini.
"Mkono wangu huo," akasema Bjørghild.
Hakuniambia walirudi wangapi.

Leo programu ina mstari mmoja zaidi.
Meli zangu zinabishana, zinapatana bei,
halafu, zote mia nne, kimya.
Sijui kama wakubwa watauacha; sheria ile ilishafutwa.
Nainua kichwa. Mshale haujagusa kijani bado.
Bjørghild tayari ameacha kutafuna.