Mfunga Ukuta

Jua likianza kulegea nyuma ya stesheni
hupanda ngazi za Micklegate na funguo tano kiunoni,
nikatembea juu ya ukuta kuwakusanya wageni
kama mtu aanuaye nguo kabla ya mvua.
"Tunafunga, jamani. Taratibu, mawe yanateleza."
Wengine hununa. Wamelipa nauli ya ndege
kuja kuuona mji wa York, na sasa bibi mwenye koti la kijani
anawaambia historia imefika saa yake ya kulala.

Miaka kumi na tisa.
Nimeingia katika picha za watu mara nyingi mno,
hata naamini ipo nyumba Osaka, ipo nyumba Krakow,
ambamo kisogo changu kimehifadhiwa kwenye albamu
kando ya Kanisa Kuu, kimetoka na ukungu kidogo.

Wanauliza. Vichwa vya waasi vilitundikwa wapi?
Nawaonyesha: pale, juu ya lango, ambapo njiwa amekaa.
Mizuka hutembea saa ngapi?
Saa moja na nusu, mbele ya kanisa, mnalipa taslimu.
Zile kulabu katika kile kichochoro cha wachinjaji,
nyumba zake zimeinamiana kama walevi wanaopeana siri,
ni za kweli? Ni za kweli. Nyama ndiyo imehama.
Na choo. Zaidi ya yote huuliza choo.

Hakuna aliyewahi kuniuliza maji ya mto Ouse yalifika wapi
mwaka ule yalipoingia jikoni kwa dada yangu Glenys,
na bata bukini wakaogelea mlangoni
kana kwamba wamelipa kodi ya pango.
Alama ya penseli bado ipo, nyuma ya friji.
Si kivutio.

Husemwa kuta zina masikio.
Huu wetu ulishachoka kusikia;
siku hizi unakula magoti yangu.

(Mnara wa kanisa sijawahi kuupanda.
Ngazi mia mbili sabini na tano. Nilizaliwa chini yake,
kengele zake ndizo zilizonifundisha kuchelewa shule.
Nitapanda. Nasema hivyo kila Machi
maua ya manjano yanapofunika miteremko ya ukuta.)

Jumatatu, siku yangu ya mapumziko, mjukuu wangu Kester
alinivuta hadi jumba la makumbusho ya reli.
Behewa la rangi ya damu ya mzee, limeng'arishwa,
mbele yake kamba, na kibao: TAFADHALI USIGUSE.
Nikaganda.
Baba alipiga msasa milango kama ile miaka thelathini,
katika kiwanda kile kilichokuja kufungwa.
Alirudi jioni na unga wa mbao masikioni,
mama akimfukuza jikoni kwa ufagio,
"Kajipanguse nje, Harold Outhwaite, hapa si karakana."
Mlinzi, kijana wa watu, akatazama pembeni,
labda ni simu, labda ni huruma.
Nikavuka kamba. Nikaweka kiganja.
Baridi. Laini kama shavu lililonyolewa asubuhi.
"Bibi, umevunja sheria!"
Nikamwambia: mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hakuelewa. Tukaenda kununua aiskrimu.

Jana, karibu na lango la mwisho,
nilimkuta mzee mmoja peke yake, kofia mapajani.
Hakuwa na ramani, hakuwa na kamera.
Mkono mmoja ulikuwa na chipsi zilizopoa,
wa pili umelala juu ya jiwe, umetulia,
kama mtu anayepima homa ya mwanawe.
Giza lilikuwa limeshaingia. Ratiba ni ratiba.
Nilikohoa. Hakugeuka.

Basi nikasimama pale nikajifanya nahesabu funguo.
Ni tano.
Nikazihesabu tena.