Vumbi la Ipagala

Upepo wa Agosti hauna adabu huku Ipagala.
Unapita chini ya mlango bila hodi,
unakaa kwenye kochi, kwenye kabati la vyombo,
juu ya Biblia niliyoifuta saa moja iliyopita.
Nami naufuata na kitambaa kibichi
kama mtu anayedai deni.

Jumamosi ile jumuiya ilikuwa inakuja kwetu.
Niliamka saa tisa usiku.
Nikafua mapazia, nikayaanika gizani,
nikapiga deki mara mbili kwa maji ya ndoo
(bomba lilikuwa kavu tangu Jumatano),
nikatandika vitambaa vya kudarizi,
vile vyeupe vyenye tausi,
ambavyo hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuviegemea.

Ndahani alikunywa chai uani, amesimama.
Sikumwambia asimame.
Miaka kumi na mmoja ya ndoa
humfundisha mtu pa kusimama.

Kisha Sechelela, miaka mitano,
akatoka jikoni na bakuli la mlenda,
akajikwaa kwenye zulia.
Mnaujua mlenda. Haumwagiki tu, unasafiri:
zulia, mguu wa meza, ukuta,
na kiganja chake alichojishikizia ukutani asianguke.

Nilipaza sauti. Sitaandika nilichosema.
Mtoto hakulia. Alisimama kwa ncha za vidole,
mikono juu, kama anayevuka korongo lenye maji,
akauliza polepole:
"Mama, nikae wapi nisichafue?"

Jina lake, kwa Kigogo, ni Furahi.
Nililichagua mimi, wodini Mvumi,
akiwa bado na damu yangu utosini,
mchafu kuliko chochote nilichowahi kukumbatia,
na sikuomba kitambaa.

Nikaketi. Palepale, kwenye mlenda,
na gauni langu la ibada.
Nilitaka kusali kwa mpangilio,
shukrani kwanza, toba, ndipo mahitaji,
yakanitoka kama uji unaofurika sufuria:

Bwana, wewe uliinama ukachota vumbi.
La wapi, sijui; moyoni naliona jekundu kama hili.
Ukalifinyanga, ukalipulizia pumzi.
Hukusubiri upepo utulie.
Kucha zako zilijaa udongo
nawe ukatazama, ukasema ni vyema sana.
Mimi ni nani nikuonee aibu kazi yako?

Hodi. Wamewahi.
Mapazia yangali kambani,
mama na mwana sakafuni, bakuli limepinduka.
"Karibuni," nikasema, "angalieni msiteleze."
Mama Chilongani alicheka hadi akashika ukuta,
akavua kanga ya pili, akaanza kufuta bila kuulizwa.
Mzee wa kanisa akaegemea tausi
kwa kichwa chenye mafuta ya nazi.
Nililiona doa likikua. Nakiri, nililipima kwa macho
katikati ya somo la kwanza.
La pili nilisikiliza.

Sidanganyi, bado nafagia.
Kile kitambaa nilikifua kwa jiki, doa likagoma,
nikakitandika hivyo hivyo.
Siku hizi Ndahani hunywa chai amekaa,
ukingoni mwa kochi, kama mtu
anayepima maji kwa kidole cha mguu.

Na ukutani, chini ya swichi,
kipo kiganja kidogo cha kijani, kimekauka.
Upepo umekifikia, umekipaka vumbi.
Kitambaa kibichi ninacho mkononi.
Nimeupita ukuta ule mara nne leo.