Ukurasa wa 412

Mimi ndiye niliyeugonga muhuri.
Kitabu cha tisini na tatu, ukurasa wa 412,
saa nne na dakika kumi asubuhi, theluji ikiparua dirisha
la ofisi ya ardhi, wilaya ya Tamarack, Minnesota.

Aune Raisanen alivua glavu moja tu, ya kulia,
akatia sahihi polepole, ulimi nje kidogo.
Serikali ilimpa paa jipya, tanuri la gesi,
na bomba lisilopasuka Januari:
dola elfu kumi na nane, mia sita.
Bure, alisema.
Karibu bure, nikasema, nikamsomea kifungu:
dai hili litakaa juu ya kiwanja namba saba
hadi mwenye nyumba atimize miaka kumi humo ndani.
Akacheka. "Humo nilizaliwa. Kumi ni nini?"

Leo amekuja Eino, mwanawe, dereva wa lori la magogo,
viatu vikidondosha maji kwenye zulia la umma.
Amepata mnunuzi.
Nafungua kitabu, nashuka kwa kidole.
Miaka tisa na miezi tisa, kisha mazishi.
Nahesabu tena, kama mtoto wa chekechea,
kana kwamba hesabu huingiwa na huruma
ukiirudia kwa upole.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Ndivyo tunavyosema, sisi wa daftari.
Yenye daftari huendaje, hatusemi.

"Miezi mitatu," anasema Eino,
bila hasira, kama fundi aliyepima ubao
akaukuta umepungua inchi.
Halafu: "Alikataa hospitali, unajua.
Alisema ana tarehe anayoingojea."

Sikujua.

Sina kifutio; sheria haikunipa.
Naweza kuandika dai limewekwa,
naweza kuandika dai limeondolewa,
na hilo la pili lataka sahihi ya mtu wa mbali
ambaye hajawahi kusikia mvua juu ya lile paa.
Nampa fomu ya ombi. Nampa kalamu yangu,
maana ya ofisi imefungwa mnyororo.

Penye jina la mwombaji anaandika Aune.
Anakata. Anaandika lake, dogo, pembeni.
Ada ya kusajili ni dola arobaini na sita.
Anazihesabu noti zilizolowa kwenye kaunta.
Nazipokea.
Nampa stakabadhi.